Mpiga kura wa diwani apewe nafasi ya kusema zaidi ya jina moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo hugusiwa kwa nadra, tena juu juu, kila uchaguzi wa serikali za mitaa unapokaribia, nalo ni namna yenyewe ya kupiga kura na ya kuzihesabu. Tunajadili daftari la wapiga kura, tunajadili usalama wa masanduku, tunajadili tume na wasimamizi, na yote hayo yanastahili kujadiliwa. Lakini ile kanuni inayogeuza karatasi kuwa viti tunaichukulia kama jua na mvua, kana kwamba haikuwekwa na watu na watu hawawezi kuibadilisha.

Niliwahi kuwa karani wa kuhesabu kura katika uchaguzi wa diwani. Wagombea walikuwa watatu, na usiku ule mezani petu kulikuwa na marundo matatu ya karatasi, karatasi zikiwa zimefungwa kwa mipira myembamba hamsini hamsini. Rundo la kwanza lilikuwa na kura 214, la pili 187 na la tatu 163. Kila aliyekuwa chumbani alijua kwamba mgombea wa pili na wa tatu walisimama kwa hoja moja, kupinga kuuzwa kwa eneo la wazi la kata, na kwamba aliyeongoza ndiye pekee aliyekuwa akiliunga mkono wazo la kuuza. Matokeo yalitangazwa kwa haki, fomu zikatiwa saini na mawakala wote, hakuna aliyelalamika. Tulipokuwa tukifunga masanduku, wakala mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, aliniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, hawa mia tatu na hamsini wamekwenda wapi?” Sikuwa na jibu la kumpa. Hawakuwa wameibiwa kura, wala hawakukosea kuweka alama. Karatasi tuliyowapa iliwaruhusu kutaja jina moja tu, nao wakalitaja, na kwa kulitaja wakampa ushindi yule ambaye wengi wao hawakumtaka.

Hiyo ndiyo kanuni ya anayeongoza kuchukua kiti hata kama hakufika nusu. Sifa yake kubwa ni wepesi: kila mtu anaielewa, na kituo kimoja kinaweza kumaliza hesabu yake kabla ya usiku wa manane. Ubaya wake hauonekani sana wagombea wanapokuwa wawili. Wakishakuwa watatu, wanne, sita, kama ilivyo kawaida katika kata nyingi, mpiga kura hulazimika kuacha kujiuliza ni nani anafaa na kuanza kukisia ni nani ana nafasi. Ndipo tunaposikia ule usemi wa kila uchaguzi, kwamba kumpigia fulani ni kuipoteza kura. Mgombea mzuri asiyejulikana sana hufa kwa usemi huo kabla sanduku halijafunguliwa, na wenye nia moja hutumia muda wa kampeni kushawishiana nani ajitoe, mara nyingi faraghani na kwa makubaliano ambayo wananchi hawayaoni.

Kwa kiti kimoja hilo ni tatizo, na kwa baraza zima tatizo huongezeka, kwa sababu kasoro ile ile hujirudia kata baada ya kata na kuelemea upande mmoja. Mfano ninaoukumbuka kila nikilifikiria jambo hili ni wa Glasgow, huko Scotland. Mwaka 2003, kwa kanuni ya anayeongoza ndiye mshindi, chama cha Labour kilipata chini ya nusu ya kura zote za jiji na kikaondoka na viti 71 kati ya 79 vya baraza. Hapakuwa na wizi. Palikuwa na kata 79, kila moja ikitoa mtu mmoja, na katika karibu kila moja chama hicho kilikuwa mbele kidogo. Zaidi ya nusu ya wapiga kura wakabaki na madiwani wanane wa kuwasemea. Baraza la namna hiyo linaweza kupitisha bajeti bila mtu kuuliza swali, na baraza lisiloulizwa maswali, hata likiwa na watu waadilifu, huzoea kutojieleza.

Scotland ilibadilisha sheria mwaka 2004, na uchaguzi wa mabaraza wa mwaka 2007 ulifanyika kwa kura moja inayohamishika. Ninaomba wasomaji wanivumilie nieleze njia hii hatua kwa hatua, maana wengi huikataa kwa sababu tu hawakuwahi kuelezwa. Kwanza, kata ndogo huunganishwa ili kila kata mpya itoe madiwani kadhaa; Scotland walianza na watatu au wanne kwa kila kata. Pili, mpiga kura haweki alama ya vema kwa jina moja. Anaandika 1 mbele ya anayempenda kuliko wote, 2 mbele ya anayemfuata, kisha 3, na kuendelea mpaka pale anapoona hana la zaidi kusema. Anaweza kuishia kwenye 1, na kura yake bado ni halali.

Sasa tuseme kata ina viti vinne na kura halali 5,000. Unagawanya 5,000 kwa tano, yaani idadi ya viti ukiongeza moja, unapata 1,000, kisha unaongeza kura moja: 1,001. Hicho ndicho kiwango cha kushinda. Sababu yake ni hesabu ya kawaida kabisa: watu wanne wanaweza kufikia 1,001 kila mmoja, lakini wa tano hawezi, kwani zitakuwa zimebaki kura 996 tu. Aliyefikia kiwango kwa namba 1 za watu wake amepata kiti. Kama amekipita, tuseme amepata 1,500, zile 499 za ziada hazitupwi: karatasi zake zote huangaliwa namba 2 ni nani, na kila moja huhamia kwa huyo ikiwa na thamani ya takriban theluthi moja ya kura, kwa kuwa theluthi mbili zimekwisha kufanya kazi ya kumpa kiti yule wa kwanza. Ikiwa hakuna aliyefikia kiwango na viti bado vipo, mgombea wa mwisho huondolewa, na karatasi zake, safari hii kwa thamani yake yote, huhamia kwa wale walioandikwa namba inayofuata. Kazi huendelea hivyo hadi viti vijae.

Wale 163 wa mezani kwetu, chini ya utaratibu huo, wangekuwa wameandika 2 mbele ya mtu fulani, nasi tungeisoma. Nasema hivyo kwa uchungu kidogo, kwa sababu nilizishika karatasi zile kwa mikono yangu na nilijua kwamba mengi waliyotaka kusema wenyewe hayakuwa na mahali pa kuandikwa.

Matokeo ya Glasgow ya mwaka 2007 yalikuwa haya: Labour viti 45, SNP, chama cha kitaifa cha Scotland, viti 22, na vilivyobaki kumi na viwili vikagawanywa kati ya vyama vingine vinne. Waliokuwa wengi walibaki wengi na wakaendelea kuongoza jiji, lakini sasa mbele yao walikaa watu wa kuwahoji. Jambo jingine ambalo kwangu ni zito kuliko hata mgawanyo huo ni hili: mwaka 2003 kata 61 za Scotland zilikuwa na mgombea mmoja tu, aliyepita bila kupingwa, na mwaka 2007 hapakuwa na kata hata moja ya namna hiyo. Ngome inapoacha kuwa ngome, watu hujitokeza kugombea, kwa sababu anayeweza kuungwa mkono na robo ya wapiga kura anajua kwamba jasho lake halitakwenda bure. Diwani aliyepita bila kupingwa anaweza kuwa mtu mwema sana; ila wananchi wake hawakuulizwa.

Wazo lenyewe si geni. Lilitumika kwa namna fulani Denmark tangu mwaka 1855, kwa kazi ya Carl Andræ, na Mwingereza Thomas Hare akalifikia peke yake miaka michache baadaye. Mji wa Sligo nchini Ireland ulichagua baraza lake kwa njia hii mwaka 1919, na mwaka uliofuata mabaraza yote ya Ireland yakafuata. Waayalandi hawajaiacha hadi leo. Mara mbili, mwaka 1959 na mwaka 1968, serikali iliyokuwa madarakani iliwaomba kwa kura ya maoni waiondoe katika uchaguzi wa bunge, na mara zote mbili wakakataa, mara ya pili kwa tofauti kubwa zaidi. Watu walioizoea wanaona wazi kile ambacho wangenyang'anywa.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba wananchi wa kawaida hawataielewa. Sikubaliani nalo, na linaniudhi, kwa sababu mtu anayeweza kupanga watoto wake wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa kimo anaweza kupanga wagombea. Hata hivyo silipuuzi, kwa kuwa kura kuharibika ni jambo la kweli. Mwaka huo huo wa 2007 Scotland ilifanya uchaguzi wa bunge lake na wa mabaraza siku moja. Karatasi ya bunge ilitaka alama ya msalaba mara mbili, ya baraza ilitaka namba, na muundo wa karatasi ya bunge ulikuwa umebadilishwa. Kura zilizokataliwa zilikuwa nyingi kiasi cha kuitwa fedheha. Lakini tukiangalia zilikataliwa wapi, tunaona kwamba katika majimbo ya bunge zilizidi asilimia 4, na katika mabaraza, kwenye ile karatasi ya namba iliyosemwa ni ngumu, hazikufika asilimia 2. Kilichowachanganya watu kilikuwa kupewa kanuni mbili kwa siku moja na karatasi iliyopangwa vibaya. Baada ya hapo chaguzi hizo zilitenganishwa, nami ningependa yeyote atakayefikiria mabadiliko haya kwetu aanze na somo hilo.

Kuna kasoro nyingine ndogo inayofaa kutajwa kwa sababu inarekebishika. Majina yakipangwa kwa alfabeti, na chama kikisimamisha watu wawili katika kata moja, yule ambaye jina lake liko juu hupata namba 1 nyingi kuliko mwenzake aliye chini, bila kujali sifa zao. Jambo hilo limeonekana Scotland mara kwa mara. Tasmania, jimbo la Australia, lilitafuta dawa yake tangu miaka ya mwisho ya sabini: karatasi huchapishwa kwa mafungu, na kila fungu huwa na mpangilio tofauti wa majina, ili bahati ya kuwa juu igawanywe kwa wote.

Lipo pia pingamizi ambalo ninalikubali moja kwa moja. Kata yenye madiwani wanne ni kubwa mara nne ya kata yenye diwani mmoja, na mahali ambapo watu wanaishi mbalimbali, diwani anaweza kuwa mbali na mwananchi kwa mwendo wa nusu siku. Kwa upande mmoja mwenye shida anapata milango minne ya kubisha badala ya mmoja, na akifukuzwa kwa wa chama kile anakwenda kwa wa chama hiki. Kwa upande mwingine, hakuna kanuni ya hesabu inayofupisha njia. Scotland yenyewe iliona hivyo, na kwa sheria ya mwaka 2018 ikaruhusu kata za visiwani ziwe na diwani mmoja au wawili. Nadhani huo ni uungwana. Sheria inaweza kutaka watatu hadi watano mahali pa msongamano, na kuacha nafasi ya wachache zaidi mahali ambapo jiografia inalazimisha, mradi uamuzi huo ufanywe na chombo huru. Wakiachiwa wanaogombea kuchora mipaka, kata za wawili wawili zitajaa kila mahali na faida yote ya utaratibu itayeyuka.

Wako wanaopendelea orodha za vyama, ambapo mpiga kura anachagua chama na viti vinagawanywa kwa uwiano. Kwa bunge la taifa naweza kusikiliza hoja zao. Kwa baraza la mtaa siwezi, kwa sababu orodha humwondolea mgombea binafsi njia, na humfanya diwani amtazame zaidi anayepanga orodha kuliko anayeishi karibu na mfereji uliozibika.

Nafasi ya mtu mmoja, kama vile meya au mwenyekiti, ni suala tofauti, na hapa ninakiri kwamba uhakika wangu unapungua. Kiti kimoja hakiwezi kugawanywa kwa uwiano. Njia inayofahamika zaidi ni duru ya pili kati ya wawili walioongoza. Inahakikisha kwamba mshindi amepata zaidi ya nusu ya waliopiga siku hiyo, lakini watu hulazimika kurudi vituoni, gharama huongezeka, na anayekubalika na wote huweza kuachwa katika duru ya kwanza kwa kura chache. Jiji la London lilijaribu kubana duru mbili katika karatasi moja, likiwa na safu mbili, chaguo la kwanza na chaguo la pili, tangu mwaka 2000 hadi uchaguzi wa 2021. Tatizo ni kwamba chaguo lako la pili lilihesabiwa tu kama lilimwangukia mmoja wa wale wawili wa juu, hivyo bado ulipaswa kukisia. Bunge la Uingereza liliiondoa kwa sheria ya mwaka 2022, na meya wa 2024 akachaguliwa kwa kanuni ya anayeongoza.

Njia ya kupanga kwa namba hutumika pia kwa kiti kimoja: wa mwisho anaondolewa, karatasi zake zinahamia, hadi mmoja apite nusu. San Francisco wameitumia tangu mwaka 2004, na miji mingine ya Marekani imefuata. Ninaiona bora kuliko tuliyo nayo, lakini atakayeiuza kama tiba ya kila ugonjwa anawadanganya watu. Katika mji wa Burlington, jimbo la Vermont, mwaka 2009, wagombea watatu wenye nguvu wa umeya walikuwa Kurt Wright, Bob Kiss na Andy Montroll. Montroll alikuwa wa tatu kwa namba 1, akaondolewa, na Kiss akamshinda Wright katika hatua ya mwisho. Watu walipozichambua karatasi baadaye, waligundua kwamba Montroll angemshinda kila mmoja wa wenzake kama wangeshindanishwa wawili wawili. Aliyekubalika na wengi alitoka mapema kwa sababu hakuwa kipenzi namba 1 cha watu wa kutosha. Mwaka uliofuata wananchi waliiondoa njia hiyo, kisha miaka kumi na kitu baadaye wakairudisha, kwanza kwa madiwani. Mchumi Kenneth Arrow alionyesha mwaka 1951 kwamba hakuna kanuni ya kupanga wagombea inayoweza kutimiza kwa pamoja masharti yote ya haki ambayo mtu wa kawaida angeyataka. Wengine huuchukua ugunduzi huo kama sababu ya kubaki tulipo. Kwangu unatuambia tuchague kasoro tunazoweza kuishi nazo, na ile ya mezani petu usiku ule si mojawapo.

Kwa kiti kimoja iko njia nyepesi zaidi ambayo haijasikika sana, nayo ni kura ya kuridhia: karatasi ni ile ile, lakini unaruhusiwa kuweka alama ya vema kwa wote unaowaona wanafaa, na mwenye alama nyingi anashinda. Mji wa Fargo, North Dakota, uliipitisha mwaka 2018 na kuitumia kwa mara ya kwanza mwaka 2020; St. Louis ikaitumia mwaka 2021 kuchuja wawili wa kwenda duru ya mwisho. Udhaifu wake ni kwamba nikimwekea alama mgombea wangu wa pili ninaweza kumsaidia amshinde wa kwanza wangu, kwa hiyo wengine wataishia kuweka alama moja tu kama zamani. Nguvu yake, ambayo nadhani wenzetu wengi waliokaa kwenye vituo wataielewa upesi kuliko wataalamu, iko katika kuhesabu. Alama zinajumlishwa. Kila kituo kinaweza kuhesabu chake, kujaza fomu, kuibandika mlangoni, na yeyote mwenye kalamu akajumlisha vituo vyote na kuhakiki jumla iliyotangazwa.

Kura ya namba haina wepesi huo. Huwezi kujua nani anaondolewa kabla ya kujua hesabu ya kata nzima, kwa hiyo karatasi lazima zisafirishwe hadi mahali pamoja. Mahali ambapo imani ya watu imejengwa juu ya ile fomu iliyobandikwa mlangoni, safari ya masanduku ni jambo la kuogopesha, na anayependekeza mabadiliko bila kulijibu hilo hajafanya kazi yake. Jibu langu ni kwamba namba 1 zote zihesabiwe kituoni mbele ya mawakala na zibandikwe, idadi ya karatasi za kila mgombea iandikwe, ndipo masanduku yasafiri na mawakala wakiwa nayo, na hesabu ya kuhamisha ifanyike hadharani katika ukumbi mmoja. Ireland hufanya hesabu hiyo ya ukumbini kwa mkono, hata ikichukua siku kadhaa. Masanduku yanapofunguliwa ukumbini, watu wa vyama husimama nyuma ya kizuizi, shingo zimenyooshwa, wakiandika kwenye daftari zao kila karatasi inayokunjuliwa, na kabla ya mchana huwa wana picha ya kata nzima wasiyohitaji kuambiwa na mtu. Serikali yao ilinunua mashine za kupigia kura kwa zaidi ya yuro milioni 50, wananchi wakahoji kama zinaweza kuhakikiwa, na mwishowe zikauzwa kama vyuma chakavu mwaka 2012. Wakarudi kwenye karatasi na penseli. Ningependa na sisi tuseme mapema kwamba hesabu yoyote tutakayoipokea ni ile ambayo wakala mwenye daftari anaweza kuifuata kwa macho yake.

Nigusie na upande wa siasa, kwa sababu historia ya njia hizi ina funzo chungu. Cincinnati, katika jimbo la Ohio, ilianza kuchagua baraza lake kwa kura inayohamishika mwaka 1925, na kwa miaka thelathini njia hiyo iliwapa nafasi watu ambao hawangepata kamwe, wakiwemo Wamarekani Weusi. Katikati ya miaka ya hamsini Theodore Berry, wakili Mweusi, alifikia hatua ya kuweza kuwa meya, kwa kuwa meya alichaguliwa na madiwani wenyewe. Kampeni ya kuifuta njia hiyo, iliyochochea hofu ya rangi, ilifaulu mwaka 1957, na Berry akapoteza kiti mwaka huo. Alikuja kuwa meya mwaka 1972. New York nayo iliiondoa mwaka 1947, baada ya Wakomunisti kuchaguliwa katika baraza. Na Fargo niliyoitaja, ambako wananchi wenyewe walipiga kura kuichagua njia yao, bunge la jimbo liliwakataza kuitumia mwaka 2025. Katika yote matatu, hoja iliyotolewa hadharani haikukosa neno ugumu au utata.

Kwa hiyo naona si busara kuwaachia madiwani waliomo madarakani kuamua watachaguliwa vipi, na wala si busara kuyaanza mambo haya kila mahali kwa siku moja. New Zealand ilifanya jambo ninalolipenda: sheria ya mwaka 2001 iliacha kila baraza, au wananchi wake kwa kura, lichague kubaki na njia ya zamani au kwenda kwenye kura inayohamishika. Uchaguzi wa kwanza ulikuwa mwaka 2004, ukawa na ucheleweshaji wa matokeo uliowakera watu, lakini Wellington na Dunedin waliendelea nayo, na mabaraza mengine yakajiunga baadaye baada ya kuona kwa wenzao. Wananchi wanapoomba wenyewe, huitetea wenyewe.

Pendekezo langu, Ndugu Mhariri, kwa madiwani ni kata za watatu hadi watano na karatasi ya namba. Kwa meya au mwenyekiti, kura ya kuridhia mahali ambapo matokeo lazima yajumlishwe kituo kwa kituo, na karatasi ya namba mahali ambapo ukumbi mmoja unatosha na unaaminika. Na uchaguzi huo usifanywe siku moja na mwingine wenye kanuni tofauti.

Nina ombi moja kwa gazeti lako, ambalo halihitaji sheria wala bajeti. Chapisheni ukurasani karatasi ya mfano yenye majina saba ya kubuni na viti vitatu, kila jina likiwa na mistari miwili ya ahadi zake. Wasomaji waikate, waipange kwa namba, waitume. Kisha katika toleo linalofuata mwonyeshe hesabu yote, hatua kwa hatua: kiwango cha kushinda ni ngapi, nani alikipita, nani aliondolewa na karatasi zake zilikwenda kwa nani, na ni ngapi ziliharibika na kwa kosa gani. Nitajitolea kuja kuhesabu, na mipira ya kufungia marundo nitakuja nayo.

Wako katika ujenzi wa serikali za mitaa,
Karani mstaafu wa uchaguzi